Gunia Lililotoboka

Gunia moja la mbolea ya salfeti lilitoweka ghalani, na kufuli halikuwa na hata mkwaruzo.

"Funguo anazo nani?" aliuliza Inspekta Msaidizi Asukile.

"Mimi peke yangu, afande," alijibu Philbert, mtunza ghala wa chama cha wakulima.

Kwa jibu hilo kijana wa watu alikuwa amejitia kitanzi. Alikuwa Mhehe wa Ilula, hana ndugu huku milimani Tukuyu, na mgeni siku zote hakosi lawama. Siku ya nne hiyo, tangu magunia yahesabiwe na moja likosekane, alikuwa mahabusu. Jumatatu angefikishwa mahakamani Mbeya, na mwaka huo wa 1956 mahakama haikuwa na mzaha na mali ya chama.

Asukile hakupenda kesi zinazoiva upesi. Alimrudisha Philbert rumande, akalizunguka ghala polepole. Ukuta ulikuwa wa mianzi iliyokandikwa udongo, na kwa nyuma, chini kabisa, udongo wa sehemu moja ulikuwa mpya. Akaubandua kwa kidole. Mianzi ilikuwa imefunguliwa kamba kisha ikafungwa tena, fundo kwa fundo, vizuri kuliko ukuta mzima.

"Mwizi gani huyu," alimwambia konstebo wake, "anaiba gunia, halafu anakarabati ukuta?"

"Labda fundi, afande."

"Fundi mwenye haya."

Kisha akaziona nyasi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha majuma machache tu, na nyasi kila mahali zilikuwa bado dhaifu na za manjano. Lakini kuanzia pale ukutani ulikwenda mstari mwembamba wa nyasi za kijani kilichokolea, ukaifuata njia ya kuteremkia mtoni. Gunia lilikuwa limetoboka. Punje zilidondoka njia nzima, mvua ikaziyeyusha, na naitrojeni ikafanya kazi yake bila kujali kwamba ilikuwa ya wizi. Asukile alicheka peke yake. Alikwisha kuongozwa na mbwa na wambeya, lakini na nyasi, hajapata.

Mstari ulikomea darajani. Bila shaka hapo ndipo mwizi alipogundua tundu akaliziba. Ng'ambo ya pili, mwanamke kijana aitwaye Anyitike alikuwa akipalilia maharage kando ya njia.

"Ugonile, mama," Asukile alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, afande."

"Kabla ya mvua, ulimwona mtu akipita hapa na gunia?"

"Sikuona mtu."

"Ulikuwapo lakini?"

"Nilikuwapo. Nilisikia anakohoa, anakuja. Nikajifunika nguo kichwani, nikajibanza migombani mpaka akapita."

Konstebo akaandika: shahidi hakuona kitu. Alikuwa Mbena wa Njombe, tusimlaumu. Asukile alizaliwa bonde hili hili. Mke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake. Akisikia anakuja humpisha na kujificha, na jina lake halitamki. Kwa mwanamume gani mwingine angejifunika?

"Ahsante, mama. Jina sikuulizi."

"Usiniulize, afande." Machozi yalimlengalenga. "Ni mtu mwema sana."

Baba mkwe wa Anyitike alikuwa mzee Jailos, fundi wa mianzi aliyelijenga ghala lile. Ndiye aliyesimama kila baraza na kupiga kelele kwamba chumvi ya Wazungu, ndivyo alivyoiita mbolea ile, itaitia ardhi uchachu. Na ndiye, Asukile alikumbuka sasa, aliyempelekea Philbert ndizi zilizopikwa kila asubuhi rumande.

Walimkuta amesimama katika shamba la mkewe. Mahindi yalikuwa yameungua, majani yana rangi ya tumbaku. Kwenye kila shina palikuwa na duara jeupe.

"Uliweka kiasi gani, tata?" aliuliza Asukile, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

Mzee hakujifanya haelewi. "Konzi kwa kila shina. Kama majivu."

"Majivu hupunguza uchachu wa udongo. Hii ni chumvi kali. Ikizidi, mizizi inakosa maji hata mvua ikinyesha. Bwana shamba hakuwaambia?"

"Aliwaambia. Mimi nilikuwa nampigia kelele."

Asukile aliuma midomo asicheke. "Nakuonya, lolote utakalosema litaandikwa."

"Andika. Nimeiba mimi, Mhehe wa watu hana kosa. Kila asubuhi nilikwenda nimejiandaa kusema. Nikifika, ulimi unagoma, namwachia ndizi narudi."

"Mbolea yenyewe wanachama waligawiwa bure, ya majaribio. Kwa nini hukuomba?"

"Niombe mimi? Niliyeapa mbele ya baraza?"

"Basi ukaona heri uitwe mwizi?"

"Nilidhani sitaitwa chochote." Mzee akatazama chini. "Mwaka jana mahindi ya mke wangu, Tusajigwe, yalikomea magotini. Amelisha wageni wa bonde zima, afande. Nikamkuta kaketi pale mtaroni analia, anadhani simwoni. Nampenda yule mwanamke. Nikasema, potelea mbali kiapo."

Asukile alimpenda mzee yule palepale, wala hakuficha. Pingu alizirudisha mfukoni. Lakini sheria ni sheria, na jioni ile Jailos aliingia mlango aliotokea Philbert.

"Ndizi zako zilikuwa tamu, mzee," alisema Philbert. "Ila ungesema siku ya kwanza."

"Kweli, mwanangu. Nisamehe."

Philbert akampa mkono, kisha akampisha bibi mmoja aliyeingia na kikapu cha chakula. Tusajigwe alisimama mbele ya nondo, akamtazama mumewe.

"Shamba langu umeliunguza," alisema.

"Nimeliunguza."

"Na nasikia umesema unanipenda. Tangu tuoane nasubiri neno hilo, Jailos. Siku unalisema, unamwambia polisi?"

Mzee akashika nondo. "Afande ameliandika, mke wangu. Mwambie akusomee."

Asukile alifungua jalada la kesi, akakohoa, akasoma.