Malkia Ambaye Njagi Hakumwondoa

Jumatano, saa kumi na moja jioni, baridi na manyunyu. Katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja huko Kinoru, Meru, Kananu alikuwa amechoka hata kope zilimwuma. Yeye na mchumba wake Njagi, wote walimu wa programu, walikuwa wakisaka kosa katika programu ya Njagi tangu adhuhuri. Kazi yenyewe: kuwapanga malkia wanne wa sataranji kwenye ubao wa miraba minne kwa minne, asiwepo wa kumla mwenzake.

— Inasema hakuna jibu, Njagi alilalamika.

— Majibu yapo mawili. Sogea nione.

Simu ya Njagi ikawaka mezani. Kananu akausoma ujumbe kabla ya kujizuia:

"Mkwe, mtakuja lini kumalizia mahari? Njoki anangoja. Mbuzi wenu wamezaa. Mama Njoki, Kianjokoma."

— Ulisema mliachana.

— Tuliachana, Kananu! Niliacha kumpigia, naye akaacha kunipigia.

— Wazee wako walikwenda kuwaambia wazee wao?

Njagi akaifunika simu kifudifudi.

— Na Jumamosi unawaleta wazee hao hao kwetu kuniposa?

— Kurudi kule ni aibu. Baba mdogo Kithaka atanila mzima.

Kananu akageukia skrini, maana kulia kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. Hapo akaliona kosa.

— Tazama. Programu yako ikikwama inarudi nyuma, inajaribu njia nyingine. Vyema. Lakini malkia iliyemweka mwanzo haimwondoi. Bado amekaa pale konani. Kwenye ubao huu, mpaka atoke kona hiyo, hakuna jibu.

— Unamsema malkia au Njoki?

— Nimechoka, Njagi. Chagua mwenyewe.

Njagi akaongeza mstari mmoja wa kumwondoa malkia. Majibu mawili yakatokea. Hakushangilia. Akachukua simu.

— Baba mdogo, Jumamosi msije Meru. Tunakwenda Kianjokoma... La, si kumalizia. Kuvunja uchumba na kuomba radhi.

— Wewe mtoto! sauti ya mzee ikalia simuni. Na koti nimeshapiga pasi!

— Livae hilo hilo, mzee.

Jumamosi Njagi na mzee Kithaka walikwenda Kianjokoma, wakaomba radhi. Mbuzi na watoto wao walibaki huko. Mama Njoki aliwapa chai, hakuketi nao. Njoki aliifuta namba ya Njagi mbele yake, akaenda sokoni kuuza parachichi. Jumamosi iliyofuata wazee walifika Meru. Kananu aliwafungulia lango, akawaamkia wote, akasikia wamekubaliwa, kisha akaenda kulala.