Kifupa cha Titani

Sista, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, viatu vyeupe vimembana, alipomwona fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa mpenzi wake, katikati ya umati wa kliniki ya masikio. Miezi minane hawajasemezana. Shati lake la kijani lilikuwa lilelile, lenye matundu ya cheche begani.

"Namba kumi na nne!" karani aliita. Akaita tena. Fundi alishika kikaratasi cha kumi na nne, anaangalia ukuta.

Sista akaelewa: hasikii. Miezi minane nyuma alimpigia simu akilia, akamwambia, "Mama ametutoka." Naye akajibu kwa furaha, "Safi sana, mpenzi, msalimie!" Alikata simu, na hakuipokea ya fundi tena.

Akamgusa bega. "Unaitwa wewe."

"Sista!" Fundi akaruka.

"Tangu lini husikii?"

"Mwaka wa pili. Niliona aibu, nikadhani utaniona mzee."

"Nilikupigia kukuambia mama amefariki."

Fundi akafunika uso kwa viganja. "Nilisikia 'ametufikia'. Nikajua amekuja kukutembelea. Ee Mungu wangu, mama!"

Machozi yakapita kati ya vidole vyenye makovu. Sista alikuwa ameibeba hasira yake muda mrefu. Sasa hata nguvu ya kuibeba hakuwa nayo. Wakaingia kwa daktari pamoja.

"Kifupa kimoja cha ndani ya sikio kimeliwa na usaha wa zamani," daktari alisema. "Naweza kukichonga kilichobaki nikakirudisha. Mwili haukikatai, ila huenda kikalika tena, au kikagandana na mfupa wa jirani. Au niweke cha chuma cha titani. Ni chepesi, kinadumu, lakini kinaweza kutoboa ngoma ya sikio, kwa hiyo juu yake tunaweka kipande cha gegedu, ule mfupa laini."

"Kwa kipi nitasikia zaidi?" fundi aliuliza.

"Vinakaribiana. Afya ya sikio lenyewe ndiyo huamua."

Fundi akamgeukia Sista. "Wewe unavishika kila siku. Lingekuwa sikio lako, ungechukua kipi?"

"Mfupa wenyewe umebaki kama punje. Ningechukua titani."

"Maisha yangu yote nachomelea chuma, leo kinahamia kichwani!"

Sista akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiyelala.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya miezi mitatu kipimo kilionyesha usikivu umerudi, si wote. Penye kelele bado maneno yalimpotea. Asubuhi hiyo fundi alimngoja Sista atoke zamu, kwenye benchi la nje ya wodi, amevaa shati jipya jeupe.

"Nataka nikuoe."

"Fundi, miguu inawaka moto. Jambo kubwa hivyo sitaki kulijibu nikiwa nusu maiti."

"Basi lala kwanza."

Sista akakaa, akaegemea bega lake, usingizi ukamchukua hapohapo, wagonjwa wakipita na ndugu zao. Jua lilipowafikia miguuni aliamka, shingo inamuuma. Fundi hakuwa amesogea. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi.

"Bado upo?"

"Bado nakuuliza."

Sista akavua viatu, akavishika mkononi. "Nimekubali. Sasa nipeleke nyumbani, mume wangu, nimechoka."