Chumvi Iliyopungua Bila Kumwagika

Kling, kling, kling. Kijiko kiligonga gilasi ya kupimia katika darasa la mwisho, na waliokuwa uwanjani wakajua kipindi cha sayansi kimeanza.

Aliyekoroga alikuwa Quinter, binti wa fundi wa reli pale Voi. Bomba la shule lilikuwa limekauka, hivyo kila mtoto alibeba maji kutoka kwao. Mwalimu wao, Madam Loise, alikuwa ameonya: atakayemwaga maji, safari ya mashindano ya sayansi Wundanyi ataisikia kwa wenzake.

Walipima maji mililita mia moja na chumvi mililita ishirini, wakachanganya. Chumvi ilipoyeyuka yote, Quinter aliinama, macho sambamba na mstari wa kipimo. Mia na nane.

Alipapasa meza akitafuta maji yaliyomwagika, lakini ilikuwa kavu.

"Umemwaga, wewe," alinong'ona Katuku, mwenzake wa kikundi. "Sema mia na ishirini. Hesabu ya chekechea hiyo."

Vikundi vingine vilisimama kimoja kimoja, vyote vikataja mia na ishirini. Zamu yake ilipofika, Quinter aliiona Wundanyi ikimponyoka. Lakini macho yake hayakuwa yameona mia na ishirini.

"Mia na nane, Madam."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akauliza kama zile kumi na mbili amezinywa akidhani ni supu.

Madam Loise hakucheka. Kabla ya kuchanganya, alikuwa amepima uzito wa maji na chumvi ya kila kikundi, pamoja na vyombo vyake. Sasa akavirudisha vya Quinter kwenye mizani. Uzito ulikuwa uleule. Halikumwagika hata tone.



Madam akaeleza kwamba kati ya punje za chumvi mna hewa, nayo hutoka. Tena chumvi ikiyeyuka, chembe zake ndogo mno hujipenyeza kati ya chembe za maji na kuzivuta karibu, kama waumini wanaosogeana kwenye benchi la kanisa ili mgeni akae.

"Quinter, nafasi yako Wundanyi iko palepale," akasema, kisha akawageukia wengine. "Ninyi hamkutazama kipimo, mlijumlisha tu. Ukweli hauhesabiwi kwa wingi wa midomo. Sema ulichokiona, hata ukikisema peke yako."

Katuku alikuwa ameinamisha kichwa. Akasimama.

"Quinter," alisema, darasa zima likisikia, "tukifika Wundanyi nitasoma ninachokiona, hata kama nitachekwa mimi."