Fisi wa Bibi Generosa

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba bango la ngitili, ambalo hadi sasa ni jeupe, litapakwa rangi ya kijani kuanzia Jumatatu. Mbuzi wasilisogelee mpaka likauke."

Mwenyekiti Valerian aliyasoma hayo mbele ya ofisi ya kijiji kwa sauti ya mtu atangazaye vita. Anisia, mwanafunzi wa darasa la sita, alisikiliza huku akiwapeleka mbuzi malishoni, kama ilivyokuwa desturi yake kila asubuhi kabla ya shule. Kuhusu fisi, hakusikia neno.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika ili yawafae mifugo kiangazi. Ngitili ya kijiji chao, iliyokuwa kipara, ilistawi tena katika miaka hiyo ya tisini. Miti ikarudi, ndege wakarudi, na fisi naye akarudi bila kuomba kibali. Mbuzi wakaanza kuliwa. Ndipo watu wazima, wenye akili za kutosha kupiga kura, walipokata shauri kwamba fisi huyo ana mwenyewe: Bibi Generosa, mjane, eti humpanda usiku. Ushahidi ulikuwa macho yake mekundu, kana kwamba mtu aweza kupikia moto wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote akabaki na macho meupe.

Bibi Generosa alikuwa bibi yake Anisia. Kikao kiliitishwa ili afukuzwe.

"Ahame," alisema Valerian. "Mbuzi wangu wamekwisha."

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Anisia.

"Marahaba. Haya ni mambo ya wakubwa, ng'wana Ngassa," alijibu Valerian, akimwita kwa jina la baba yake.

"Nimepita bomani kwako. Miiba ya nyuma imeoza, pana tundu, na manyoya ya fisi yamenasa. Bibi hana manyoya."

"Wala meno!" mama mmoja akadakia. "Mfupa wa mbuzi ataugugunaje?"

Watu walicheka. Valerian hakucheka. "Miiba mipya nikaikate wapi? Si nimepiga marufuku kukata hata tawi ngitilini?"

Mwalimu Justa akasimama. "Basi umempa fisi nyumba, ukamfungulia na mlango wa kwako. Anisia, sikiliza, na wakubwa wakiweza wasikilize. Msitu hautunzwi kwa kuwanyima watu uzio, wala mbuzi hawalindwi kwa kumfukuza kikongwe. Ruhusuni matawi yapunguzwe kwa kiasi, na mpande uzio wa minyaa, yenye utomvu mkali, kuzunguka maboma. Anayechunguza kabla ya kushtaki huokoa mbuzi, na huokoa mtu."

Jioni ile Anisia na baba yake waliziba kwa mawe matundu ya boma lao, na Bibi akachomeka minyaa kandokando. Fisi alikuja, akazunguka, akaenda zake.

Kesho yake uamuzi wa kikao ulisomwa, ukiwa na muhuri: Bibi Generosa asihame, kwa sasa, marufuku ya kukata matawi iendelee, na fisi yeyote atakayeonekana nje ya ngitili arudishwe humo na mwenye boma husika.