Kipande cha Muwa Kabla ya Kipimo

Kila asubuhi Mourine alifagia uwanja, akateka maji, kisha akampikia baba yake, Mzee Cephas, uji usiotiwa sukari. Baba alikuwa ameugua kisukari kwa miaka mingi. Asubuhi moja, hata hivyo, jiko halikuwashwa. Daktari Priscilla, aliyekuwa akichunguza familia zenye ugonjwa huo, alikuwa amewaagiza wafike katika zahanati mjini Rongo bila kula chochote.

Baba alitangulia kwa pikipiki. Mourine akafuata kwa miguu pamoja na binamu yake, Bonface, wakipita kando ya mashamba ya miwa. Bonface alivunja muwa, akammegea kipande. Mourine aliposita, binamu yake alicheka.

"Wewe nawe. Tangu lini muwa ukawa chakula? Nani amewahi kushiba muwa?"

Kwa watoto wa huko, jambo hilo halikuwa na ubishi. Chakula kilikuwa ugali. Muwa ulikuwa wa kutafuna njiani tu. Mourine akatafuna mpaka midomo ikanata.

Zahanatini, Daktari alimuuliza kama alikuwa ametia kitu chochote kinywani. Mourine alijifuta kidevu kwa mkono wa sweta, akajibu hapana. Alipotobolewa kidole, Daktari alikitazama kipimo mara mbili. Akasema kwamba sukari ilikuwa imepanda na kwamba huenda mtoto naye alikuwa mgonjwa.

Walipoketi nje kwenye benchi, Baba alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu," alisema polepole. "Ugonjwa huu umeurithi kwangu."

Mourine hakuwa amewahi kumsikia baba yake akimwomba mtoto msamaha. Alitamani kunyamaza, maana Daktari angemwona mwongo. Lakini kila alipomtazama Baba, moyo ulimchoma. Akainuka, akarudi ndani.

"Daktari, nilitafuna muwa njiani," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikudanganya. Baba hana kosa."

Daktari hakumkaripia. Aliwataka warudi siku iliyofuata bila kula, na siku hiyo sukari ya Mourine ikawa ya kawaida. Ndipo akawaeleza utafiti wake. Jeni, alisema, ni maagizo ambayo mwili huyarithi. Seli hunakili agizo, hukata baadhi ya vipande vya nakala hiyo, kisha huunganisha vinavyobaki. Kongosho, kiungo kinachosaidia kudhibiti sukari mwilini, hukata kwa namna yake, na ini kwa namna yake. Kwa baadhi ya watu ukataji huo hutofautiana kidogo, na hatari ya kisukari huongezeka. Yeye alikuwa akiulinganisha ukataji huo na kiasi cha sukari katika damu.

"Mzee, kurithi hatari si kurithi ugonjwa," alimwambia Baba. "Chakula bora na mazoezi vitamsaidia sana mtoto huyu."

Kisha akamgeukia Mourine.

"Kama ningeandika jibu lako la jana, ningewafundisha madaktari wengine uongo, na wagonjwa wangeumia. Nyumbani kwenu, baba yako angebeba lawama isiyo yake maisha yake yote. Ukweli ulikuaibisha kwa dakika chache tu, Mourine. Useme mapema siku nyingine."