Kiti cha Kushoto

Jumamosi ya tarehe sita Aprili 2024, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Shakuru alimtia mkwewe majini.

Asubuhi ile mambo yangeweza bado kunyooka. Walikuwa Buyenzi, ng'ambo ya mpaka, uani kwa shemeji yake Atumani, kaka wa marehemu mkewe na fundi wa magari, katikati ya injini zilizofumuliwa. Shakuru alikuwa ametoka Kigoma na sanduku la nguo za mkewe huyo, Zubeda, ili mama mzazi azigawe. Arobaini ilikuwa imefika, na mama huyo, Bi Mwanvua, hakutaka hitima ya mwanawe isomwe nyumbani kwa watu. Anako kwake, Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, upande ulioinuka ambao mafuriko yalikuwa hayajaufikia. Alitaka kupelekwa.

"Shemeji, umuachie Valéry usukani," Atumani alisema, akipangusa mikono kwa kitambaa cheusi cha oili. "Huku tunatembea kuume, na gari lako usukani uko kuume vilevile. Ukitaka kupita lori, hauone kitu. Lazima mutu akae kushoto akuonee."

"Nimetoka Kigoma mpaka hapa. Aliniendesha nani?"

"Ulikuja na mutu kushoto."

Kweli, alikuja na mchuuzi mmoja aliyempa lifti, naye njia nzima alikuwa akisema "pita" au "ngoja." Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Zubeda. Leo kiti cha kushoto kingebaki kitupu, maana mkwe hakai bega kwa bega na mkwe. Bi Mwanvua alikwisha kujipakia nyuma, upande huohuo wa kushoto, kanga imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Basi Valéry akae tu hapo mbele," Atumani akabembeleza.

"Mimi si kipofu wa kushikiwa fimbo."

Valéry, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuendesha magari ya wageni, akacheka. "Muzee, macho yako ni mazuri. Shida iko mahali yanakaa."

Mafundi wakaangua kicheko. Shakuru akaingia garini, akageuza kioo cha ndani kikatazama paa, asije akakutana humo na uso wa mkwewe, akang'oa gari kwa hasira.

Walipovuka daraja la mto Rusizi, lami ikapotea chini ya maji. Hapakuwa na kibao, hapakuwa na askari. Kingo za barabara zilionyeshwa na matete waliyochomeka wakazi wenyewe. Wakubwa wanaokaa Kiriri huiona Gatumba kutoka juu mlimani, maji yakimetameta kama sahani, wakasema ziwa mwaka huu limependeza. Shakuru aliwalaani kimoyomoyo. Alikuwa na wengi wa kuwalaani, na wa kwanza kabisa ni waganga wa hospitali waliomwacha Zubeda akate roho kwenye benchi, akingoja kuitwa jina.

Mvua ikashuka. Mbele yake lori la mchanga lilikuwa likitambaa, linamrushia tope kiooni. Akavumilia, akavumilia tena, na kicheko cha mafundi bado kinamwasha masikioni. Akaanza kulivuta gari kushoto.

"Apana, baba," sauti ikatoka nyuma, polepole, maana mama mkwe hampigii mkwe kelele. "Usipite."

Akapita.

Taa mbili kubwa za lori jingine zikachomoka ndani ya mvua. Ilimpasa arudi kuume, nyuma ya lori. Lakini mikono yake ikafanya iliyofundishwa na barabara za kwao, ambako mwenye hofu hukimbilia kushoto. Matete yakalala chini ya bampa, na magurudumu yakaachana na ardhi.

Upande ule ndio wa ziwani. Mkondo ukalikamata gari, ukalizungusha, ukaliburuta mbali na barabara mpaka ukalibamiza kwenye ukuta wa nyumba iliyohamwa. Kioo cha nyuma kikapasuka. Maji yakaingia kwa pupa, baridi, yananuka mizizi iliyooza. Shakuru alitokea dirishani, akazunguka akiwa ameng'ang'ania paa. Bi Mwanvua maji yalikuwa yamemfika kidevuni, amelikumbatia sanduku la mwanawe.

"Mama, nipe mkono."

Hakuutoa. Tangu siku ya posa hajapata kumpa mkono. Wakatazamana, na Shakuru akaona kile alichokikwepa kwa kugeuza kioo: macho yalikuwa ya Zubeda, yaleyale.

"Nisamehe, mama," akasema, akampitisha mikono kwapani, akamvuta pamoja na sanduku lake.

Alimpandisha juu ya paa la gari, kisha juu ya bati la nyumba. Mguu wa bibi ulikuwa umechanwa na kioo, kuanzia goti kushuka, na damu ilichanganyika na mvua ikitiririka kwenye mikunjo ya bati. Shakuru akatoa kanga ya mkewe sandukuni, akaufunga mguu ule huku uso ameugeuza pembeni kama mwizi.

"Kaza," Bi Mwanvua akasema. "Unafunga mutu, haufungi zawadi."

Walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Malori yote mawili yalikwisha kwenda. Pengine hawakuwaona, pengine waliwaona. Barabara haikuonekana, ilikuwa maji matupu na vichwa vya matete.

Mchana ulikokota. Shakuru alikinga mvua kwa kifuniko cha sanduku, akakitazama, koo limekauka kama gunzi.

"Kunywa," mkwewe akamwambia. "Safari imekuruhusu."

"Na wewe, mama?"

"Mi nangoja azana."

Akanywa huku amempa mgongo, na kila funda lilishuka kama kokoto.

Alasiri nyumba ikaguna. Ukuta wa matofali mabichi ulikuwa ukimegeka chini yao, bati likaanza kuinama upande mmoja. Si mbali na hapo kiboko aliibuka, akapuliza, akazama tena.

"Barabara iko wapi?" Shakuru akauliza.

"Maji inatoka Rusizi inaenda ziwani. Ikikupiga kifuani, unaenda barabarani. Ikikusukuma mugongoni, unaenda kufa."

"Huo mguu hautakanyaga."

Bi Mwanvua aliyaangalia maji. Kisha akajikaza kanga kiunoni. "Inama," akasema.

Akampanda mgongoni kama mtoto, mikono imezunguka shingo ya mkwewe, kidevu kwenye bega lake la kushoto. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa unga. Shakuru aliona uso unamuungua ndani ya maji yale ya baridi. Mwanamume gani humfikisha mama wa mkewe mahali pa kubebwa hivi, kanga imemng'ang'ania mwilini, na chanzo ni ubishi wake? Akatumbukia, maji yakamfika kifuani. Akawa anatafuta ardhi kwa vidole vya miguu, akiteleza, akisimama, mkondo ukimpiga kifua.

"Kuume kidogo," sauti ikasema sikioni. "Iko shimo hapo."

Akaenda kuume.

"Ngoja."

Akasimama. Mbele yao, karibu kiasi cha kutupiwa jiwe, masikio mawili madogo yalikuwa yakitikisika juu ya maji. Miguu ya Shakuru ilikuwa ikizama topeni, mvua inampofusha. Hakujongea. Masikio yakazama. Bado hakujongea.

"Sasa pita," akasema Bi Mwanvua.

Akapita.

Jua lilikuwa limekaribia kuchwa alipokanyaga kitu kigumu. Lami. Maji yalimfika magotini, na mstari wa matete ulionekana ukielekea Gatumba. Hapo wakakutwa na vijana wawili wenye mtumbwi, waliokuwa wakivusha watu siku nzima.

"Ee, muzee!" mmoja akapaza sauti. "Ulikuwa unaendesha gari ao mutumbwi?"

Azana ilipotoka ng'ambo, Bi Mwanvua akapokea kidumu cha maji cha vijana, akasema bismillahi, akanywa mafunda matatu, akampa mkwewe bila kumwangalia.

Usiku ule Atumani, aliyetoka Buyenzi kuwatafuta, aliwakuta nyumbani kwa mama yake, Gatumba, amelowa mpaka kifuani. Aliuangalia ule mguu, akamgeukia Shakuru. "Shemeji, ilikuwaje?"

"Barabara haina hata kibao!" Shakuru akaanza. "Serikali gani hii inayoacha watu..."

"Mvua ilikuwa kali," Bi Mwanvua akamkatiza. "Mutu hangeona."

Kwa Shakuru, heri angemtukana mbele ya mwanawe. Kusitiriwa kule kulimchoma kuliko kicheko cha Buyenzi nzima.

Atumani alipotoka kutafuta dawa ya kidonda, wakabaki wawili, mmoja kwenye mkeka, mwingine mlangoni. Bi Mwanvua akaisogeza kanga kutoka usoni, akamwangalia mkwewe moja kwa moja.

"Apana yangu uliisikia, baba."

Shakuru akaangalia sakafu.

"Mwanangu naye alikuwa na sauti kama hii, haipandi. Kabla ya lile benchi la hospitali, alikuambia mara ngapi kwamba anaumwa?"