Picha Yangu Iko Kwenye Chupa, Maganda Yangu Yako Stoo

Nilifungua mlango wa stoo… nikakuta maganda yangu.

Yote!

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, msinicheke, kaeni niwasimulie. Mimi nilifuata ndoo tu, ile ya bluu yenye mpini uliofungwa kamba. Nikavuta, ikagoma. Nikavuta tena… gunia likaanguka, likapasukia miguuni kwangu.

Maganda ya machungwa! Makavu, membamba, hayana hata chembe ya ule weupe wa ndani. Sikuhitaji kuuliza yamemenywa na nani. Mkono wangu naujua.

Nyuma ya gunia hilo, gunia jingine. Na jingine. Mengine yameshaota ukungu.

Nikakaa juu ya kreti la chupa tupu.

Ngoja niwaeleze tuwe pamoja.

Binti yangu ni mpishi wa bia. Ana kakiwanda kake, mapipa ya chuma yanang'aa hadi unajiona meno. Mumewe, yaani mkwe wangu, ndiye muuzaji. Maneno anayo huyo! Anaweza kukuuzia viatu vyako mwenyewe ukiwa umevivaa.

Bia yao inayovuma inaitwa Bibi. Na Bibi mwenyewe ndiye mimi. Picha yangu iko kwenye lebo, nimejifunga kitambaa kichwani, kisu mkono huu, chungwa mkono huu. Chini wameandika: "Maganda yamemenywa na Bibi kwa mkono wake."

Ni bia ya kuanzia. Mtu aliyezoea bia za viwanda vikubwa, ukimpa zile nyeusi kali za binti yangu, anakunja uso kama kameza dawa. Mpe Bibi… anatabasamu! Kesho anarudi na mwenzake. Ndiyo sifa yake mji mzima: laini, inanukia chungwa, haimtishi mgeni.

Kila Jumamosi wageni hutembezwa kiwandani. Mimi nakaa dirishani na beseni langu, nawaonyesha: kisu kinapita juu juu tu, weupe ukiingia bia inakuwa chungu. Wanapiga picha. Wananikumbatia!

Kumbe…

Kumbe nikimaliza kumenya wanapokea kwa mikono miwili, "asante Mama, Mungu akuweke," halafu moja kwa moja stoo!

Nikamwita binti. Akaja na mabuti yake ya mpira, mikono imejaa povu la sabuni. Akaliona gunia. Akaganda.

"Haya ni nini?"

"Mama…"

"Nimekuuliza, haya ni nini?"

Mkwe naye huyo, na lile tabasamu la kuuzia. "Aa, Mama, hiyo ni akiba tu ya…"

"Akiba ya ukungu? Baba, mimi si mteja wako!"

Tabasamu likazima.

Binti akaanza kulia. "Mama, tuliacha kuyatia tangu mvua zilizopita. Machungwa hayafanani. Pipa hili chungu, lile tamu, watu wakawa wananung'unika. Nikabadili hamira, nikatia mbegu za giligilani, harufu ikaja yenyewe. Nikashindwa kukwambia."

"Mdomo ulimwazimisha nani?"

"Ulikuwa na furaha, Mama…"

Jamani, moyo uliniuma! Maganda ni maganda tu. Lakini wale wageni? Nimewatazama machoni, nikawaambia harufu ile ni kazi ya mikono yangu. Wanangu wamenifanya mwongo, na mimi mwenyewe sijui!

Hasira ikanipanda.

"Basi hiyo bia haistahili sifa tena. Bila maganda yangu ni maji ya kuoshea glasi!"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema! Tena niletee nionje. Ipo yenye maganda?"

Ipo, akasema kwa sauti ndogo. Kapipa kamoja. Roho ilikuwa inamsuta, akajaribu tena kutia maganda yangu.

Tukahamia ukumbini, wanakonywea wateja. Pale kaunta alikaa seremala mmoja, mteja wa siku zote, tunamwita Randa kwa sababu maneno yake yanakwangua. Huyo bia ya Bibi haigusi. Huiita uji wa wanaojifunza kutembea.

Binti akaleta glasi mbili, zote amezizungushia karatasi, alama kazitia chini kwenye kitako. Iliyo na maganda anaijua yeye peke yake.

Randa akaanza. Ya kushoto, akakunja uso. Ya kulia… akalamba midomo. Akaonja tena.

"Wewe si uliiita uji?" mkwe akamchokoza.

"Nilikuwa naitukana kwa kuwa kila mtu anaipenda. Hii ya kulia ni bia, bwana. Bibi, nisamehe."

"Subiri," nikasema. "Zamu yangu."

Ya kushoto… ikanikwaruza koo. Nikaisukuma kando.

Ya kulia… ah! Unaijua ile harufu ukipasua chungwa la kwanza, rasharasha zake zikakurukia usoni? Hiyo! Machozi yakanitoka. Nikaigonga meza.

"Hii hapa! Hii ndiyo yenye mkono wangu! Mmeona? Mmeona?!"

Binti akainamisha kichwa.

Mkwe akatazama viatu vyake. Randa akajifanya anatafuta simu.

Binti akaiinua ile glasi taratibu, nikaona kitako.

"Mama… hii haina ganda hata moja."

Wajukuu zangu, siku ile hata kinywa changu kilinigeuka!

Nilikaa. Nikainywa yote, hadi povu. Halafu nikasema, "Leteni maji ya moto."

"Ya nini?"

"Ya kubandulia lebo."

Mkwe akaruka. "Mama! Sura yako ndiyo inayouza!"

"Si umemsikia Randa? Bia ni nzuri. Basi ijiuze yenyewe."

Tukakaa dirishani, beseni lile lile, safari hii limejaa chupa. Kisu changu kikapita juu juu, chini ya uso wangu mwenyewe.

Binti akauliza, macho mekundu, "Wageni wa Jumamosi tuwaambie nini?"

"Waambieni bia ni nzuri. Na waambieni Bibi hayumo."

Nyie mlio na wazee nyumbani, nisikilizeni. Kazi ya mzee ikiisha, mwambieni. Atanuna, atalia, atagoma kula. Lakini atajua yuko wapi. Mimi nilipewa beseni nichezee kama mtoto, na hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Na kama hujawahi kuionja ile bia… ionje. Sifa zake inazistahili. Inaniuma kusema, lakini inazistahili.